Baraza la Mafundi Wasioonana

Kila ufundi una mazungumzo yake. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wakivuta mashua ufukoni hawasemi juu ya samaki tu. Husema pia juu ya upepo wa jana, juu ya wavu ulioshonwa vibaya, na juu ya mwenzao aliyetoka usiku asirudi. Waashi wanayo yao, makanika wanayo yao, nasi walimu, tukiisha kumimina chai, twajulikana sana kwa yetu. Katika kurasa hizi tumekwisha kuandika juu ya nyimbo za harusi, vitendawili na majina ya mabasi. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji tuandike juu ya mazungumzo ya mafundi ambao watu wengi hudhani hawana la kusema, yaani watunga programu za kompyuta.

Tunaye shemeji, mume wa dada yetu mdogo, aliyeianza kazi hiyo mjini Kampala zaidi ya miaka ishirini iliyopita, naye hajaiacha. Kwa mtu aitazamaye kazi ile kwa nje, hakuna cha kutazama. Huketi mbele ya kioo kutwa; mara aandike mistari minne, mara aifute mitatu; akiinuka, ameinuka kwenda kuchemsha maji. Mpwa wetu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alipoagizwa shuleni kuandika insha juu ya kazi ya baba yake, aliandika kwamba baba hukaa chumbani, huvaa visikizi, na wakati mwingine hucheka peke yake. Tuliisoma insha ile, nasi, kwa jinsi tulivyozoea kusahihisha, hatukuona kosa lolote ndani yake. Lakini dada yetu alihuzunika. Alisema, “Mtoto wa seremala huijua randa. Huyu wangu hajui hata jina la kitu ambacho baba yake anakitengeneza.”

Kicheko kile ndicho kilichotuvuta. Tulitaka kujua kilikuwa kikitoka wapi, tukaambiwa kwamba kilitoka katika podikasti.

Kwa wale wasioijua, podikasti ni kipindi cha mazungumzo kama cha redio, ila hakina saa yake. Mtangazaji huiweka sauti iliyorekodiwa katika kompyuta iliyo wazi kwa wote, kisha huongeza jina lake katika orodha. Simu ya msikilizaji huipitia orodha ile kila mara, na ikikuta jipya hulichukua na kulihifadhi. Njia hiyo ya kuambatisha sauti katika orodha iliwekwa na Dave Winer wa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000. Jina lilikuja baadaye: mwezi wa Februari 2004 mwandishi Mwingereza Ben Hammersley, katika makala ya gazeti la The Guardian, aliliunga jina la iPod, kile chombo kidogo cha muziki, na neno la Kiingereza la kutangaza. Chombo chenyewe kiliacha kutengenezwa mwaka 2022. Jina limebaki bila baba. Kilichompendeza shemeji yetu tangu mwanzo ni kwamba mazungumzo hayo hayana mlango mmoja wenye bawabu. Aliye na kinasa sauti na la kusema, asema.

Tena yana ustahimilivu ambao hatukuutarajia. Mwezi wa Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini Uganda kwa siku kama tano wakati wa uchaguzi mkuu, sisi wengine tulibaki tukizigeuzageuza simu mikononi kama watu walioshika vioo vilivyopasuka. Shemeji yetu alikuwa na saa zaidi ya arobaini za mazungumzo katika simu yake, alizozichukua siku za nyuma kwa mtandao wa ofisini ili kuokoa fedha za bando. Aliketi barazani akasikiliza. Siku ya tatu tukaketi naye.

Tuseme kweli, mwanzo haukuwa mzuri. Shemeji yetu husikiliza kwa mwendo wa mara moja na nusu, yaani huiharakisha sauti ili azimalize saa tatu kwa saa mbili. Kwa mwalimu wa lugha, aliyetumia umri wake kuwasihi watoto watulize pumzi na watamke silabi zote, hayo ni mateso. Tulimwomba airudishe sauti katika mwendo wa binadamu, akakubali kwa heshima ya ushemeji. Baada ya hapo tukakuta kipindi kizima, cha saa moja na dakika ishirini, ambamo wanaume watatu walizungumza juu ya baobonye peke yake, yaani vile vitufe vya kuandikia, na sauti ambayo kila namna ya kitufe hutoa kikibonyezwa. Hatuwezi kumshawishi msomaji kwamba kipindi hicho kina faida.

Lakini vipo vingine. Kipo The Changelog, kilichoanza mwaka 2009, ambacho huwaita watu watungao programu huria, zile ambazo yeyote aweza kuzisoma na kuzirekebisha, wasimulie zilivyozaliwa. Kipo Software Engineering Radio, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Mjerumani Markus Völter, nacho ni kikavu kama mhadhara wa chuo, lakini chenye shibe. Kipo .NET Rocks! cha Carl Franklin, kilichoanza mwaka 2002, kabla hata neno podikasti halijatungwa. Na kipo CoRecursive cha Adam Gordon Bell, ambacho ndicho tukipendacho sisi, kwa kuwa mwenyewe ajua kusimulia: humwacha mgeni aeleze usiku mmoja tu, na kosa moja tu, mpaka msikilizaji atoke jasho.

Jambo lililotugusa kwanza halikuwa elimu yao, maana nyingi ilitupita juu ya kichwa. Lilikuwa neno “sijui”. Watu hao, ambao baadhi yao wametunga programu zitumiwazo ulimwenguni kote, hulisema neno hilo bila aibu, tena hulisema wakicheka. Mmoja huuliza, mwenziwe hujibu, “Hapo sijui, lakini twaweza kukisia,” na kisha hukisia pamoja hatua kwa hatua. Katika chumba cha walimu tumekaa miaka mingi bila kulisikia.

La pili ni simulizi. Hebu tuisimulie moja, jinsi shemeji yetu alivyotusimulia baada ya kuisikia katika vipindi vitatu tofauti, maana kila mtangazaji alitaka kuieleza kwa namna yake. Ipo programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, ambayo hukaa ndani ya kompyuta nyingi mno duniani bila wenyewe kujua. Aliyeitunza kwa miaka mingi ni mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila mshahara, naye alikwisha kueleza hadharani kwamba nguvu zimempungukia. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan. Msaidizi huyo alitenda kazi kwa adabu na subira tangu mwaka 2021, huku watu wengine wasiojulikana wakimshurutisha mzee wa kazi agawe madaraka. Akayapata. Mwanzoni mwa mwaka 2024 akaificha ndani ya programu ile njia ya siri, ambayo ingemwezesha mwizi kuingia katika kompyuta za watu. Hakuna askari wala taasisi iliyomgundua. Aliyegundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, ambaye alikuwa akipima mambo yake mengine, akaona kwamba kuingia katika kompyuta kulikokuwa kukichukua muda mdogo sana sasa kulizidi kwa nusu ya sekunde hivi. Nusu ya sekunde! Mtu mwingine angelipuuza. Yeye alifuata, akafukua, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu.

Shemeji yetu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Shemeji, mimi simhurumii aliyegundua. Namhurumia yule mzee wa Finland. Miaka yote ile hapana aliyemwuliza, ‘Umeamkaje?’” Tukaelewa kwa nini husikiliza. Yeye pia ameketi peke yake miaka yote hiyo, katika ofisi ambayo wakubwa humjia siku mambo yanapoharibika tu. Sauti zile ndizo zinazomwuliza ameamkaje.

Kuna desturi moja ya watu hao ambayo yafaa walimu wa lugha waijue. Kitabu cha Andrew Hunt na David Thomas, The Pragmatic Programmer, kilichotoka mwaka 1999, kilimtaja fundi aliyekuwa na bata wa mpira mezani, yule wa kuogea watoto. Akikwama, humweleza bata kazi yake mstari kwa mstari, kwa sauti. Bata hajibu. Lakini aghalabu fundi akifika katikati ya maelezo huliona kosa mwenyewe, kwa sababu ulimi huenda polepole kuliko macho na hauwezi kuruka. Shemeji yetu hana bata. Ana sisi.

Jumapili moja alikuja kwetu akiwa amenuna. Aliirithi programu iliyotungwa na mtu mwingine aliyekwisha kuondoka. Kazi yake ni kujumlisha mauzo ya vituo vya mafuta vinavyokesha usiku kucha. Jumla ya mwezi ilikaribia kulingana na madaftari ya vituoni, lakini jumla ya kila siku haikulingana kamwe, na mameneja walikuwa wameanza kuwashuku vijana wa zamu ya usiku. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kusimamishwa kazi. Shemeji yetu alianza kutueleza kwa Kiingereza, tukamkatiza. Tulimwambia kwamba bata wa nyumba hii husikia Kiswahili.

Alisitasita. Kiswahili chake ni cha utotoni, alichokipata katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Tororo, ambako watoto wa makabila mengi walicheza pamoja na hawakuwa na lugha nyingine ya kuchezea. Hakukisoma shuleni. Alianza: “Kila kinachouzwa kinaandikwa na saa yake. Halafu, siku ikiisha, mashine inahesabu vyote vya siku ile.”

Tukamwuliza, “Siku huisha saa ngapi?”

Hatukuuliza kwa hekima. Siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumefundisha darasani jinsi Waswahili wa pwani wahesabuvyo, kwamba siku huanza jua linapokuchwa, na kwa hiyo usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa, si wa Alhamisi. Swali lilikuwa bado mdomoni. Shemeji yetu alijibu, “Saa sita usiku, bila shaka.” Kisha akaacha mdomo wazi. Kisha akauliza, si sisi bali ukuta, “Saa sita usiku ya wapi?”

Kompyuta iliyofanya hesabu ilikuwa ng'ambo, nayo ilifuata saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa sita ya usiku kwake ilikuwa saa tisa ya usiku kwetu. Kila lita ya mafuta iliyouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku ilitupwa katika hesabu ya jana. Hakuna aliyeiba. Jumatatu asubuhi shemeji yetu alikwenda kwa mameneja kabla ya kugusa mstari mmoja wa programu, akawaeleza, na yule kijana akarudishwa zamu yake.

Hatudai kwamba Kiswahili kina uganga wa kutibu kompyuta. Bata wa mpira, asiye na lugha yoyote, amewasaidia wengi. Tunalosema ni hili: kwa Kiingereza shemeji yetu anayo maneno tayari, ya kitaalamu, yaliyofungwa kama vifurushi, na aweza kuyapitisha mkononi bila kuyafungua. Kwa Kiswahili hakuwa na kifurushi. Ilimlazimu kusema kinachotendeka, na alipokisema akakisikia.

Hapa tutaingia kidogo katika ugomvi wa zamani. Kwa miaka mingi tumetunga istilahi. Kompyuta, ngamizi na tarakilishi zimepata watetezi wao, nasi tumekaa katika semina zilizojaa joto tukipigania silabi. Kazi kubwa na ya heshima ilifanyika: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili zikiitwa Jambo OpenOffice. Lakini orodha ya maneno si mazungumzo. Watunga programu wa Kiingereza huliita kosa la programu “mdudu”, na kila mmoja wao ajua kisa cha tarehe 9 Septemba 1947, ambapo waendeshaji wa mashine ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani yake, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi na kuandika kwamba hiki ndicho kisa cha kwanza cha mdudu wa kweli kupatikana. Mafundi walikuwa wakiyaita makosa wadudu tangu zamani. Ndiyo maana ya mzaha. Neno hilo limeishi kwa sababu lina kicheko ndani yake, na kicheko hakitungwi na kamati. Kwetu Uganda hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa lugha hii iliogopwa miaka mingi kuwa ni lugha ya askari. Mwaka 2005 Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Basi itafundishwa. Lakini mtoto aliyefuzu mtihani wa Kiswahili atakwenda kuzungumza nini kwacho, na nani?

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoenea mashine zinazoweza kutunga programu zenyewe kwa kuambiwa tu, podikasti za shemeji yetu zimebadilika sauti. Karibu kila kipindi ni hilo. Wako wanaoshangilia na wako wanaoomboleza, na shemeji yetu husikiliza wote, kwa mwendo wake wa mara moja na nusu. Tulimwuliza kama anaogopa kunyang'anywa mkate. Alijibu kwamba kazi haijapungua. Yeye mwenyewe huzitumia mashine hizo kila siku, nazo zamfaa. “Lakini zamani,” alisema, “vijana wa ofisini walikuwa wakikwama wanakuja mezani kwangu. Tunakaa, tunatafuta, tunacheka. Siku hizi wanaiuliza mashine. Inawajibu vizuri. Hawaji.”

Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu aelezaye hali ya hewa. Sisi tuliona kwamba ndilo jambo zito kuliko yote aliyotuambia. Fundi huyu alipata furaha ya kazi yake mahali pawili: katika lile tafuto lenyewe, na katika kulisimulia. Pa kwanza pamepungua. Pa pili pangali wazi, ila yeye amekuwa msikilizaji tu, kwa lugha ambayo nyumbani kwake hutumika kwa ada za shule na barua za benki. Yeye huota kwa Dhopadhola, dada yetu kwa Kigisu, na lugha waliyotongozana kwayo, kama dada yetu apendavyo kutukumbusha, ni Kiswahili.

Basi tulimwomba akisimulie kisa cha vituo vya mafuta kwa Kiswahili, tukakirekodi kwa simu. Alikataa mara mbili. Alisema Kiswahili chake ni cha relini, kwamba walimu watacheka, kwamba huchanganya ngeli. Ni kweli huzichanganya. Mara ya tatu mpwa wetu ndiye aliyeishika simu, akamwambia, “Baba, nieleze mimi, mjomba atoke nje.” Tukatoka, tukasimama nyuma ya mlango.

Rekodi ina dakika kumi na nane. Hatukusahihisha ngeli hata moja, jambo lililotugharimu. Mtoto humkatiza baba mara kwa mara, na katika dakika ya kumi na moja husikika akicheka, kwa sababu ameelewa kabla hajamaliziwa. Tumewapelekea walimu wenzetu wachache, ambao wameisikiliza na madarasa yao. Kutoka Arua limekuja swali la mwanafunzi: ikiwa kompyuta ya ng'ambo na ya hapa kila moja ina saa yake, je, zikipishana kidogo, ni nani huziambia kwamba zimepishana? Shemeji yetu amesema kwamba swali hilo lataka kipindi kizima, na kwamba itambidi kwanza atafute namna ya kusema kwa Kiswahili kuwa ujumbe wenyewe wa kuuliza saa huchelewa njiani. Anayejua asemavyo mpiga ngoma kumwambia mwenziwe kwamba amechelewa nusu ya pigo, atuandikie.